Namba Moja, Majeruhi

Katika mji huu utaambiwa mambo mawili kuhusu mume wangu. Mmoja atakuambia ndiye aliyeiokoa timu. Mwingine atakuambia ndiye aliyeiua. Usihangaike kuwapatanisha, maana wote wawili wamesema kweli, na mimi niliyeishi naye miaka thelathini na moja ndiye ninayejua jinsi kweli hizo mbili zilivyokaa ndani ya mtu mmoja asiyejua hata kupiga danadana.

Alikuwa mhasibu wa idara ya maji. Asubuhi mpaka saa tisa alasiri alishughulika na mita na bili za watu, saa kumi alikuwa uwanjani kuwatumikia wacheza mpira, na kazi hiyo ya pili hakulipwa hata senti. Wachezaji walimwita Risiti. Walisema ukimwendea umevunjika mguu atakuuliza kwanza risiti ya bandeji, kisha ndipo atautazama mguu. Jina likaenea sokoni, likaingia mpaka ofisini kwake, na mimi nililitumia nikiwa nimekasirika, yaani mara kwa mara.

Timu ilikuwa ya daraja la pili, na mji wetu ni mdogo, una barabara mbili za lami na uwanja wenye ukuta upande mmoja tu. Mwenyekiti wa timu alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu hodari wa kupigwa picha. Kocha alikuwa hodari wa kupiga kelele. Kilichobaki chote kilikuwa cha mume wangu. Nyasi za uwanja zikikatwa, aliziuza kwa wafugaji. Ukuta alimpa mwenye karakana aandike tangazo lake, naye akatoa matairi ya basi. Bandeji zilifuliwa, zikaanikwa, zikakunjwa upya. Sabuni ya mche aliikata kwa uzi vipande vinavyolingana, na mchezaji aliyemaliza chake kabla ya Ijumaa alioga kwa imani. Namba za jezi nilishona mimi, fundi cherehani wa chumba cha mbele, na malipo yangu yalikuwa kuambiwa asante, siku akikumbuka. Watu walimwita mkono wa birika. Lakini timu nne za miji mikubwa kuliko wetu zilikufa miaka ile, yetu ikabaki, na kila aliyemcheka alikuwa uwanjani Jumamosi akipiga makofi.

Msimu ninaousimulia, aliketi na kocha mezani kwetu wakapunguza wachezaji kutoka ishirini na sita hadi kumi na wanane. Kanuni ya ligi ilisema timu lazima iwe na wachezaji kumi na wanane waliosajiliwa. Akipungua hata mmoja katikati ya msimu, timu inafutwa pamoja na matokeo yake yote, na usajili haufunguliwi tena mpaka msimu uishe. Kuhusu kifo kanuni haikusema lolote. Nadhani walioiandika walikuwa vijana. Kocha alimsihi mume wangu aongeze japo wawili wa akiba, naye akajibu kwamba hao wa akiba nao wanakula, wanalala na wanapanda basi kama wenzao. Kumi na wanane ni kumi na wanane, alisema, akapiga mstari chini ya orodha kwa rula.

Wa kwanza kwenye orodha hiyo alikuwa kipa wetu, Komeo. Waliomwita hivyo walikuwa na maana yao: akishafunga, hakipiti kitu. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mrefu, mpole, mikono mirefu mpaka nilimwongezea kitambaa kwenye jezi. Aliniita mama. Alikuja chumba cha mbele kushonewa glavu zake, akafunua sufuria bila kuomba ruhusa, kisha akanikosoa kazi. "Mama, hii moja uliyoshona imelewa," aliniambia, maana ilikuwa imeinama kidogo kushoto. Nilimtishia mkasi, akacheka. Yeye peke yake ndiye aliyeweza kumtania Risiti usoni. Siku moja alimletea karatasi aliyoiandika mwenyewe, kwamba amepokea kutoka kwa mhasibu tabasamu moja, na anaomba saini. Mume wangu alisaini, akaiweka kwenye faili.

Mwezi wa kumi na moja ligi ilisimama siku kumi, wachezaji wakaenda makwao. Komeo alikwenda kwa mama yake, safari ya saa sita kwa basi. Jumapili tumbo likamshika. Jumatatu alipofikishwa hospitali, kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Jumanne saa nane mchana akafariki. Mama yake, ambaye hakuwa akimjua yeyote kwetu, alitafuta kwenye simu ya mwanawe jina la mtu wa kazini, akalikuta la mume wangu. Nilikuwa nimesimama kando yake alipopokea. Nilimwona akichukua kalamu na kuandika tarehe na saa kwenye ukingo wa gazeti, mkono ukifanya kazi uliyoizoea, kisha akakaa sakafuni wakati kiti kilikuwa pale pale nyuma yake.

Jioni ile ile mwenyekiti na kocha walifika nyumbani. Nilidhani wamekuja kupanga safari ya mazishi, nikawawekea chai. Mwenyekiti hakuigusa. Alisema tumebaki kumi na saba. Alisema hao kumi na saba wana wake na watoto na nyumba za kupanga, na hakuna anayetaka kumkosea marehemu, lakini marehemu hana haraka. Kocha alikuwa akitazama viatu vyake. Mume wangu alikataa. Alisema huo ni uongo, na atakayeutia saini ni yeye. Walibishana mpaka chai ikaota utando.

Ningependa kusema kwamba mwenyekiti ndiye aliyemshinda. Hapana. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyekwenda kuchukua fomu ya mchezo, ile inayojazwa kila wiki, akaifungua mezani. Ina safu ya hali ya mchezaji, na katika safu hiyo kuna maneno matatu tu ya kuchagua: mzima, majeruhi, amefungiwa. Aliyasoma mara mbili. "Hakuna mahali pa kuandika marehemu," alisema. Hakuwa akitania. Huyo ndiye niliyeolewa naye: jambo likikosa safu yake, anaanza kusadiki kwamba halipo. Wakakubaliana kuandika majeruhi.

Baada ya hapo ilibidi wakubaliane na la pili, kwa sababu uongo hauzai mtoto mmoja. Basi la timu likienda kuzika, habari zitarudi mjini kabla ya basi. Kwa hiyo asiende mtu. Niliposikia hivyo niliingia sebuleni nikasema mimi nitakwenda peke yangu, mimi si mchezaji wala sina leseni. Mume wangu hakunipandishia sauti. "Mke wangu, ukionekana stendi na nguo za msiba utaulizwa unakwenda kumzika nani," alisema. "Utamtaja nani?" Sikwenda. Nimemsema sana mume wangu katika maisha yangu, lakini hapa siwezi kujitoa. Mtoto aliyefunua sufuria zangu alizikwa, nami siku hiyo nilikuwa nikitia zipu kwenye sketi ya mtu.

Wachezaji waliambiwa katika chumba cha kubadilishia nguo, mlango umefungwa, na wakaambiwa pia kwamba kulia kunaishia humo ndani. Wenye familia walinyamaza kwanza, wengine wakafuata. Mjini tulisema Komeo ameumia goti, anatibiwa kwao. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tulikificha kifo tukakiita maradhi, na kwa hilo wahenga hawakutuachia onyo.

Ili uelewe kilichomla mume wangu, lazima ujue ukaguzi unavyofanywa. Kabla ya kila mchezo mkaguzi wa ligi husimama nje ya chumba cha wachezaji, orodha mkononi, leseni zote kumi na nane na jezi zote kumi na nane zimepangwa mezani mbele yake. Huita namba, mchezaji huitika. Asiyekuwepo, kiongozi wa timu humtolea maelezo. Namba ya mtu haivaliwi na mwingine, kwa hiyo kipa wa pili aliendelea na kumi na sita yake, na ile namba moja iliyoinama kushoto niliipiga pasi kila wiki ikakaguliwe. Mkaguzi huita, "Namba moja?" Mume wangu hujibu, "Majeruhi." Mkaguzi hutia alama. Ni neno moja, halichukui hata nusu dakika, na wiki ya kwanza alirudi nyumbani akatapika.

Wiki ya nne hakutapika, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Neno lilikuwa limemwingia. Kule idara ya maji watu huitwa majina kwenye foleni, na karani mwenzake alinieleza, akidhani ni kichekesho, kwamba jina likiitwa na mwenyewe asiitike, mume wangu husema pale mezani kwake, taratibu, "majeruhi." Nyumbani nilimwita binti yetu kutoka uani, akachelewa kuitika, na baba yake akalisema. Binti alifika mlangoni akanikuta nimeshika fremu ya mlango. Nilimwambia siku nyingine akiitwa aitike upesi, nikamkaripia kuliko alivyostahili.

Komeo alikuwa na desturi ya kupiga glavu zake mara mbili kabla ya mchezo kuanza, pa, pa. Mume wangu akaanza kuzisikia kwenye korido ya ofisi. Alikuwa akiinuka, anafungua mlango, anatazama, anarudi kukaa. Mimi siamini mambo ya mizimu. Lakini adhuhuri moja nilizisikia mwenyewe, nyuma ya nyumba, pa, pa, na nilijua fika kwamba ni jirani anakung'uta zulia, maana nilimwona kupitia dirishani akilikung'uta. Nilijua, na bado nilikaa chini nikaacha cherehani kwa saa nzima.

Uwanjani kulikuwa kubaya zaidi. Mashabiki walimpenda Komeo, na wapenzi hawajui kunyamaza. Walitunga wimbo wa goti lake. Walichangishana wakanunua shuka jeupe, wakaliandika kwa rangi KOMEO TUNAKUSUBIRI, wakalitundika nyuma ya goli kila Jumamosi. Kipa wa pili alidaka mpaka mwisho wa msimu shuka hilo likiwa mgongoni kwake. Mzee mmoja muuza karanga alinisimamisha njiani akanipa dawa ya kuchua, imefungwa vizuri kwenye chupa, nimpelekee kijana. Niliichukua nikashukuru. Ningefanya nini?

Sasa ligi ikaleta amri mpya. Mchezaji aliyekuwa majeruhi zaidi ya miezi sita aandikiwe barua na timu yake kwa anwani iliyo kwenye leseni, nakala ipelekwe ligi. Mume wangu aliiandika barua hiyo kwa maneno yale yale yaliyopangwa na ligi, akaisaini, akakusudia nakala iende ligi, na ile barua yenyewe aifungie kwenye droo ya meza. Lakini timu ilikuwa na karani, msichana mchapakazi aliyeajiriwa baada ya mwaka mpya, ambaye hakuambiwa siri. Alikuta barua ina anwani na haina stempu. Akaibandika stempu, akaipeleka posta, akarudi na risiti. Mume wangu alipoiona risiti ile alikuwa ameshachelewa kwa siku mbili.

Ilikuwa Jumatatu mwishoni mwa mwezi wa tano, saa tisa na nusu alasiri. Mwanamke alisimama mlangoni kwangu na mkoba mdogo, viatu vina vumbi la safari. Nilidhani ni mteja. Aliuliza kama hapa ni kwa mhasibu wa timu ya mpira. Nikamkaribisha, nikamvutia kiti, nikamuuliza nimsaidie nini. Akanipa bahasha. Barua ilimtaja Komeo kwa majina yake matatu, ikamtakia nafuu ya haraka, ikamtaka afike mazoezini Jumatatu hiyo saa kumi jioni bila kukosa, na akishindwa atoe taarifa.

"Mimi ni mama yake," alisema. "Wameandika akishindwa atoe taarifa. Nimekuja kumwombea ruhusa."

Nilikuwa na mkasi mkononi, nikauweka chini. Nilimwambia karibu kwa mara ya pili, kana kwamba ndiyo kwanza anaingia. Usidhani alikuwa amerukwa na akili. Alikuwa anafanya usafi katika shule ya msingi, na alinieleza kwa utulivu kwamba mwalimu mkuu aliisoma ile barua akamwambia aitupe, ni makosa ya ofisi. Lakini imeandikwa bila kukosa, alisema, akaona asikose. Nilitazama mikono yake iliyokuwa mapajani. Ilikuwa mirefu.

Mume wangu alikuja kuchukua mfuko wa jezi. Hakuwa amewahi kumwona mwanamke yule, wala sikumwambia ni nani, lakini alisimama mlangoni akamtambua. Kisha akamweleza yote, amesimama wima, kama anayejibu maswali ya wakaguzi wa hesabu: kumi na wanane, kumi na saba, fomu yenye maneno matatu, nani alisema nini. Hakujipunguzia kitu. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hamkuja kwa sababu mlibaki kumi na saba," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Niliwaambia majirani basi la mpira linakuja. Niliwaambia wasikae viti vya mbele."

Mume wangu alijaribu kujikaza, akashindwa. Nilikuwa sijamwona akilia tangu azike baba yake. Alipoweza kusema, aliahidi kwamba Jumatano, kwenye mchezo wa mwisho wa msimu, mkaguzi akiita namba moja atasema kweli mbele ya watu, litakalokuwa na liwe. Mama Komeo hakusema afanye wala asifanye. Aliuliza kama anaweza kulala kwetu, mabasi ya kurudi yamekwisha. Nilimtandikia chumba cha binti yetu, na Jumanne akakaa nami chumba cha mbele, akinisaidia kukata nyuzi. Hakuuliza juu ya ile jezi iliyotundikwa ukutani. Aliitazama tu, kisha akaniambia namba imeinama.

Jumatano aliomba kwenda kuona mahali mwanawe alipokuwa akisimama. Tulikwenda pamoja, tukasimama nyuma ya uzio wa waya karibu na chumba cha wachezaji, watu wamejaa, shuka limetundikwa. Orodha ikipita siku hiyo, msimu umekwisha na timu imepona. Isipopita, mechi zote za mwaka ni hewa. Mwenyekiti alijua ahadi ya mume wangu na shati lake lilikuwa limelowa jasho. Wachezaji walisimama mstari mmoja. Mkaguzi akasafisha miwani, akaanza.

"Namba moja?"

Mume wangu alifungua kinywa. Nilimwona. Hakikutoka chochote, si kweli wala uongo. Mkaguzi akainua uso akaita tena, namba moja, na mstari mzima wa vijana ukainamisha vichwa. Nilihisi mtu kando yangu akishika waya.

"Majeruhi," alisema mama yake.

Mkaguzi akageuka akauliza ni nani anayejibu. Akasema ni mama yake mzazi. Mkaguzi alikuwa mtu mwenye adabu, hakujua lolote. Alitia alama yake, akamwambia, "Mpe pole sana. Mwambie apone haraka."

"Nitamwambia," alisema mama.

Timu ilitoka suluhu siku ile na haikushuka daraja. Watu waliruka uzio, wakambeba kocha, wakambeba mwenyekiti, wakamtafuta na Risiti wambebe, wasimpate. Alikuwa amejifungia kwenye stoo ya mipira. Nilipokuwa narudi na mama Komeo nilimuuliza kwa nini alijibu. Alisema yule mtoto namba kumi na sita, kipa wa pili, alikuwa amevaa viatu vya mwanawe, anavijua kwa kiraka alichokitia yeye mwenyewe. Hakuweza kumvua.

Ungedhani yameishia hapo. Mwenyekiti naye alidhani. Msimu umefungwa, usajili unafunguliwa, kwa hiyo sasa, alisema, kijana anaweza kufariki kwa heshima zake. Ilitangazwa kwamba Komeo ametutoka Alhamisi baada ya kuugua kwa muda mrefu, na amezikwa kwao. Fomu ya kumwondoa mchezaji ina kisanduku cha tarehe ya kifo, na mume wangu aliyekuwa hajawahi kurudisha nyuma wala kusogeza mbele tarehe ya hati yoyote maishani mwake, aliijaza ile Alhamisi. Alikaa nayo kutwa nzima. Binti yetu alimwandalia chakula mara tatu, na mara tatu akakiondoa.

Turubai likajengwa uwanjani Jumapili iliyofuata. Mji mzima ulikuja, hata wasiojua mpira una umbo gani. Mama alikuja pia, kwa kuwa tulimwambia watu wote wa mpira watakuwepo. Asubuhi hiyo, nikimfunga mtandio, aliniambia, "Dada, nitakaa nao. Lakini leo si siku yake." Akaketi mbele, mikono mapajani, na watu wakapita mmoja mmoja kumpa pole ya kifo cha juzi. Wanawake wa mjini walilia. Muuza karanga alilia mpaka akashikwa. Mama mwenyewe aliwaitikia wote asante, asante, na uso wake ulikuwa mkavu.

Nyuma yangu wakaanza. Mmoja alisema mama gani huyu, mtoto hana hata wiki kaburini na jicho halina hata unyevu. Mwenzake akasema labda ni mama wa kambo. Wa tatu akasema wengine wanakuja kwa ajili ya rambirambi tu, subiri isomwe uone atakavyochangamka. Mume wangu alikuwa amekaa kando yangu na karatasi ya rambirambi mkononi, kwa maana kusoma majina ya waliochanga ilikuwa kazi yake. Alisikia neno kwa neno.

Akaitwa mbele. Alivaa miwani, kisha akaikunja ile karatasi akaitia mfukoni. Nilijua anachotaka kufanya. Ningeweza kukohoa, ningeweza kumwita, miaka thelathini na moja nimemzuia mambo mengi kwa kikohozi tu. Sikukohoa.

"Kijana wetu hakufariki Alhamisi," alisema. "Alifariki Jumanne, tarehe tatu, mwezi wa kumi na moja mwaka jana, saa nane mchana. Mama yake alituwekea viti vya mbele. Hatukwenda. Mimi ndiye niliyeandika majeruhi kila wiki kwa mkono wangu, na huyu mama amemlilia mwanawe miezi saba peke yake. Msimtazame yeye macho. Tutazameni sisi."

Mkaguzi wa ligi alikuwa mstari wa pili, na tai yake nyeusi. Mwenyekiti alipanda kumnyang'anya kipaza sauti, na mume wangu akampa bila kuvutana, maana alikuwa amemaliza. Yaliyofuata kila mtu hapa anayajua: matokeo yote yakafutwa, timu ikafutwa, yeye akafungiwa maisha, na hadi leo kuna nyumba ambazo hatuitikiwi salamu. Viti vya plastiki vilianza kurushwa kutoka nyuma, na kimoja kilimpata begani.

Mimi sikuwa nikimtazama yeye. Nilimwona mama Komeo akisema kitu peke yake, midomo ikienda taratibu, tarehe tatu, Jumanne, saa nane. Kisha akaufunika uso kwa mtandio akaanza kulia kwa sauti, kama watu wanavyolia siku ya kwanza, nami nikainuka katikati ya zile kelele nikaenda kumshika.